Usiokote Figa Mtoni

Ukitafuta mafiga, usiende kuokota mawe mtoni. Yanavutia, ni ya mviringo na laini, lakini jiwe la mtoni limekunywa maji miaka mingi. Ukilitia motoni hukaa kimya kwa muda, halafu hupasuka kwa kishindo, vipande vikaruka, chungu kikalala ubavu na maharage yakaishia kwenye majivu. Mama aliyezoea kuni huchagua jiwe kavu la mlimani, na akilipata lile lililokwisha kupikiwa, jeusi na baya la sura, hulipenda zaidi. Sisi wakazi wa Mafiga, hapa Morogoro, tunaishi ndani ya jina la mawe hayo ya jikoni, hata wale ambao siku hizi tunapikia gesi. Mimi hulikumbuka jiwe la mtoni kila anapokuja mtu kibarazani, akasubiri wengine waondoke, kisha akasema kwa sauti ya chini: Mzee, naona Mungu ananijaribu. Nifanyeje?

Mimi ni mzee wa kanisa tu, si mchungaji. Nilichonacho ni miaka ya kukaa kwenye mabenchi ya hospitali na mikeka ya misiba, na makosa yangu mwenyewe, ambayo ni mengi. Kwa hiyo nitakuandikia kama ninavyomjibu mtu wa kibarazani, na nitakutajia mapema ninachoamini ili usipokubaliana nami usipoteze muda wako. Moto hauweki maji ndani ya jiwe, unayakuta. Na Mungu, wakati wa jaribu, hutoa amri mpya mara chache sana. Anachokutaka ufanye kwa kawaida ni kile ulichokijua siku ulipokuwa mzima, una kazi, na mtungi wa gesi umejaa. Kuwa na mashaka hakunitishi sana. Kinachonitisha ni masikio ya mtu aliyeumia, kwa sababu husikia kila sauti, na kila sauti ina amri yake.

Kwanza, kiite kilichokupata kwa jina lake

Mtu aliyekopa kausha damu ili afanye sherehe ya kipaimara ya mwanawe, akashindwa marejesho, wakaja wakabeba televisheni na kabati, huyo hajajaribiwa. Amekopa vibaya. Mungu atamsaidia, lakini msaada utaanzia pale atakapokubali kuwa hesabu haikukaa sawa. Homa ya wiki tatu usiiite jaribu kabla hujapima. Huenda ni malaria, taifodi au kifua kikuu, na vyote vina dawa. Ndugu ambaye hasemi nawe tangu mgawo wa shamba la marehemu, huenda anasubiri neno moja tu la kuomba radhi. Nimeona watu wakifunga siku ishirini na moja kwa jambo ambalo lingekwisha kwa nauli ya kwenda Mgeta na kurudi.

Lakini yapo mambo yasiyo na hesabu. Mtoto amelala mzima, asubuhi hayupo. Mwaminifu anaachishwa kazi, mwizi anapandishwa cheo. Mama amesali miaka kumi na moja na mimba haijashika. Hapo huoni ulipokosea, ila kila anayekuja kukupa pole anadai yeye amepaona.

Morogoro tulilijua hilo Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka asubuhi kule Msamvu, safari ya bajaji tu kutoka hapa, watu wakakusanyika, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Taifa liliomboleza siku tatu, na kesho yake tukaanza kuzika kwenye makaburi ya Kola, majeneza yamepangwa mstari. Idi ya kuchinja, ambapo ndugu zetu Waislamu humkumbuka Nabii Ibrahimu na jaribu lake, ilikuwa mlangoni. Kabla udongo haujakauka, maneno yalikuwa yameshaanza mtaani: walikuwa wezi wa mafuta, ni tamaa, ni adhabu. Waliokuwa wanapita tu kwenda stendi wakaingizwa humo humo. Nami nilisema jambo la namna hiyo mbele ya mama mmoja, bila kujua kwamba kijana wake alikuwa miongoni mwao. Alininyamazia. Mpaka leo tukikutana njiani mimi ndiye ninayeangalia pembeni.

Ayubu alipokaa kwenye majivu, rafiki zake watatu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku pekee walizofanya kazi nzuri. Walipofungua midomo wakaanza kueleza sababu. Ukifika mwisho wa kitabu unakuta Mungu amewakasirikia wao waliokuwa wakimtetea, na Ayubu aliyelalamika kurasa nyingi ndiye anayetakiwa kuwaombea. Shika hilo. Kulalamika mbele za Mungu hakukumponza Ayubu. Kumsemea Mungu ndiko kulikowaponza wenzake. Basi usijilazimishe kupata sababu ya msiba wako, na usikubali kuuziwa sababu na mtu mwingine. Majirani zetu Waislamu wana desturi ninayoipenda hapa: husema ni mtihani, wakakata sanda, wakachimba kaburi. Maelezo hayana haraka.

Amri ya zamani

Chukua daftari la kawaida la shule, uchore mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika mambo uliyojua kwamba Mungu anayataka kwako kabla haya hayajakupata: kusema kweli, kulipa deni, kutomwibia tajiri wako, kukaa na mwenzi wako, kulea watoto, kumwangalia mama yako mzee kule Matombo, kusali. Upande wa kulia andika kila unachoambiwa sasa na watu wanaokuhurumia: nenda kwa fulani, panda mbegu ya laki moja, usile, mkimbie mumeo, nyunyiza chumvi mlangoni, acha vidonge. Ukimaliza, tazama pande hizo mbili. Upande wa kushoto hauna hata jambo moja la kusisimua. Ndiyo maana tunauruka.

Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alitaka kuuruka. Katika Wafalme wa Pili sura ya 5 anafika kwa Elisha na farasi na magari, fedha na mavazi ya kubadilisha, na nabii hatoki hata nje; anamtuma mtu amwambie akaoge Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Alikuwa amejiandaa kwa jambo kubwa: nabii asimame, aite jina la Mungu wake, apunge mkono. Walioiokoa safari yake ni watumishi wake, waliomuuliza, kwa upole wa watumishi, kama angeambiwa afanye jambo gumu asingelifanya? Nampenda sana Naamani kwa sababu hasira zake ni zetu. Tukiambiwa tukeshe siku arobaini tunakubali. Tukiambiwa tumlipe fundi cherehani hela yake ya tangu Pasaka, tunasema hilo si la kiroho.

Wa pili ni Sauli, na huyu anastahili kutazamwa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu kosa lake lilivaa nguo za ibada. Wafilisti wamejaa kama mchanga, jeshi lake linatoroka na kujificha mapangoni, na ameambiwa amsubiri Samweli siku saba Gilgali aje kutoa sadaka. Siku saba zikatimia. Samweli haonekani. Sauli hakwenda kunywa pombe wala hakwenda kwa mganga, walau siku ile. Alichofanya ni kutoa sadaka ya kuteketezwa yeye mwenyewe. Alifanya jambo takatifu ambalo hakuambiwa alifanye, kwa sababu ya hofu. Na alipokuwa anamaliza tu, Samweli akatokea. Ukitaka kujua kama ibada yako ya kipindi hiki ni imani au ni woga, jiulize swali la Gilgali: je, ninafanya hivi kwa sababu nimeagizwa, au kwa sababu siwezi kustahimili kukaa bila kufanya kitu?

Na Ibrahimu? Watu hupenda kulikimbilia lile la kisu. Mimi hupenda asubuhi yake. Mwanzo sura ya 22 inasema aliamka mapema, akatandika punda, akapasua kuni, akatwaa vijana wawili, akatembea siku tatu. Kuni! Mzee wa umri ule, na moyo wake umepasuka, anapasua kuni. Utii wake ulianza na kazi za uani. Jambo jingine: mkono wake ulizuiwa. Tangu hapo hakuna mtu aliye na ruhusa ya kuja kwako na kusema Mungu ameagiza umdhuru mtoto wako, kwa kisu, kwa njaa au kwa kumnyima dawa. Akija na neno hilo, mlango uko wazi, atoke.

Sasa nikueleze la nyumbani kwetu. Morogoro ya miaka ya themanini ilikuwa mji wa viwanda: turubai, nguo, ngozi, sabuni, viatu. Kile cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikikusudiwa kutengeneza mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuuza Ulaya. Kilifungwa mwaka 1990 bila kulikaribia lengo hilo. Vingine navyo vilianza kukohoa, kimoja baada ya kingine. Baba yangu alikuwa mtunza stoo katika kimojawapo, nisikitaje. Mishahara ilipokatika miezi mitano, jirani alikuja usiku akaongea naye nje, mimi nikisikia dirishani. Kaka, sikuombi ubebe chochote. Wewe usahau tu kufunga mlango siku moja. Baba akasema atafikiri. Nasikia mpaka leo jinsi alivyosema atafikiri, maana ilinitisha: nilidhani baba yangu hafikirii mambo kama hayo.

Alifikiri siku tatu. Siku ya nne alifunga mlango kama kawaida. Wengine walipata vya kuanzishia biashara. Sisi tulikula ugali na mlenda, na mama akaanza kukaanga vitumbua saa tisa za usiku. Hakuna malaika aliyekuja. Kiwanda kilifungwa, mafao yake aliyapata nusu, na amekufa akiwa maskini. Kwa miaka mingi nilikuwa na kinyongo juu ya mlango ule. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama Mungu alisema naye katika zile siku tatu. Akacheka. Akasema hapana, alikuwa anatafuta kama kuna siku ambayo kuiba kulikuwa kumeruhusiwa, akaikosa.

Sauti za usiku

Usifanye uamuzi mkubwa usiku. Hiyo peke yake ingetosha kuwa mwongozo. Saa nane za usiku deni la laki tatu huwa milioni tatu, na ujumbe wa simu kutoka kwa mtu anayejiita nabii huonekana kama barua ya Mtume Paulo. Subiri mpaka utakapoiona milima ya Uluguru kwa mwanga wa jua, au wingu lake kama ni masika, kisha usome ujumbe huo upya.

Nchi hii inajua kutafuta njia ya mkato. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa huko Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 tu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Sitaki kumsema vibaya marehemu. Wengi walikwenda kwa moyo safi, na bei yenyewe haikuwa ya mtu mwenye tamaa. Lakini wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani, na wapo waliorudi wakaacha vidonge vyao vya kufubaza virusi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika ibada ya uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao wakiwa wamefunga mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Wazazi waliwafungisha na watoto. Watu wa Shakahola hawakukosa utii. Walitii mno, ila aliyetiiwa hakuwa Mungu.

Kwa hiyo anapokujia mtu na neno la Mungu linalokuhusu, mpime, na usione aibu kumpima. Je, neno lake lina bei? Je, lina muda wa mwisho, kwamba usipotuma kabla ya saa sita baraka inampitia mwingine? Je, linakutaka ufiche, usimwambie mumeo, mchungaji wako, dada yako? Je, linakutenga na watu waliokupenda kabla hajakuja yeye? Je, linagusa dawa zako? Ukipata ndiyo moja, punguza mwendo. Ukipata mbili, zima simu. Nabii wa kweli katika Biblia mara nyingi alikuja kuwaambia watu jambo ambalo hawakutaka kulisikia na ambalo halikumpa yeye shilingi. Elisha alizikataa fedha za Naamani zote, na Gehazi aliyezikimbilia kwa siri akarudi na ukoma.

Na mganga wa jadi? Nitapita haraka, kwa sababu unajua tayari. Ukienda kupiga ramli hutaambiwa jina la Mungu, utaambiwa jina la shangazi yako, na kuanzia siku hiyo utakuwa na majaribu mawili.

Mwili nao ni wa Mungu

Elia, muda mfupi tu baada ya ushindi wake mkubwa pale Karmeli, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamwamsha, akaukuta mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, siku nyingi baadaye, mlimani Horebu. Wakati wa dhiki tumezoea kuanza na mlima. Mungu alianza na mkate.

Kula basi. Ugali na dagaa, ndizi za kupika, chochote. Lala. Usiku usipolala mfululizo kwa wiki mbili, au ukianza kuwaza kuondoa maisha yako, hilo ni jambo la hospitali leo hii, na kwenda hospitali ni utii. Vidonge vya presha, vya sukari, vya virusi, vimeze kwa saa zake. Ukitaka, viombee kabla ya kumeza. Kuhusu kufunga: ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una kisukari, una vidonda vya tumbo, au umeshakosa chakula siku tatu kwa huzuni, usifunge. Mwili wako umeshafungishwa. Funga kitu kingine, kwa mfano kuangalia hali za watu kwenye simu ukijilinganisha nao.

Maneno yakikauka

Utafika mahali ambapo huwezi kuomba. Utapiga magoti na kuinuka bila kusema kitu. Usishtuke. Fungua Zaburi uchague za maombolezo, ya 13 kwa mfano, uisome kwa sauti ya kusikika chumbani, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa na mwenzake. Siku mbaya sana soma ya 88. Hiyo haina mwisho mzuri. Inaishia gizani, na imeachwa hivyo hivyo ndani ya Biblia. Aliyeikusanya Zaburi angeweza kuifuta au kuitilia mkia wa furaha, hakufanya. Hilo limenifariji kuliko mahubiri mengi niliyosikia.

Kuomba jaribu liondoke si uasi. Yesu aliomba hivyo Gethsemane, tena mara tatu, na aliwaomba rafiki zake wakeshe naye, wakalala. Utii wake haukuwa wa kutokuwa na hofu. Alitoka jasho, akaomba, kisha akainuka akaenda. Wewe pia omba uponywe, omba kazi, omba mtoto. Omba kwa jina la kitu chenyewe. Kisha inuka ukafanye kilichoandikwa upande wa kushoto wa daftari.

Saa nayo husaidia. Chagua saa moja isiyobadilika. Hapa Mafiga adhana ya alfajiri hutuamsha sote, Wakristo na Waislamu, na namjua mama wa Kilutheri ambaye kwa miaka sasa huomba ikianza na kumaliza ikimalizika. Ni dakika chache. Anasema akiongeza, anaanza kulalamika kuhusu wakwe.

Jifya moja

Jifya moja, yaani figa moja, haliinjiki chungu. Hilo wazee walishalisema, na kwetu sisi wa mtaa huu ni kama limeandikwa kwenye kibao cha barabarani. Lakini wakati wa jaribu ndipo mtu anapojitenga. Anaona aibu kuja jumuiya kwa sababu hana sadaka, au nguo ni ile ile, au kila mtu atamuuliza. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele mwaka 1976, na makanisa mengine yakawa na zake, faida yake haikuwa nyimbo. Ni kwamba nyumba kumi au kumi na tano zinajua nani hakuonekana.

Tafuta watu wawili, siyo ishirini. Mmoja awe ameshapita motoni mwenyewe, lile jiwe jeusi. Mwingine awe na akili ya fedha. Waambie ukweli wote, pamoja na kiasi. Usiseme "mniombee, nina changamoto." Sema: nadaiwa laki nne na elfu sitini, kodi ya miezi miwili, na mume wangu hajui. Kisha nendeni pamoja kwa mwenye nyumba na kwa anayekudai kabla ya tarehe kufika. Mdai akikuona unakuja kwa miguu yako mwenyewe, mara nyingi hupunguza sauti. Asipopunguza, walau una mashahidi.

Na kama wewe ndiye unayetafutwa, mambo ni machache. Nenda na unga. Osha vyombo. Usianze sentensi kwa "Mungu ana kusudi," hata kama unaliamini. Mwachie yeye alisome kusudi hilo kwa wakati wake, kama atalisoma. Rudi wiki ya tatu, wakati turubai limeshakunjwa na viti vimerudishwa. Wiki ya kwanza kila mtu huja.

Kondoo asipoonekana kichakani

Utaniuliza kama mwisho wake ni mzuri. Ibrahimu alipata kondoo dume, Ayubu akarudishiwa mara mbili, Naamani ngozi yake ikawa kama ya mtoto. Lakini Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua wakipinga uonevu na mauaji. Tarehe 16 mwezi huo huo Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Alifanya kile alichokuwa akikihubiri miaka yote kabla ya Amin kuchukua nchi. Hapakuwa na kondoo.

Mimi siwezi kukuahidi kondoo. Anayekuahidi kwa tarehe anakudanganya. Ninachoweza kukueleza ni kilichotokea msibani kwa baba. Katika waliobeba jeneza alikuwamo yule jirani wa usiku ule, mzee sasa, ana duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya mazishi aliniita pembeni, akaniambia kwamba baada ya ule mlango kufungwa alikwenda kuzungumza na mlinzi, na mlinzi akakubali, na kwamba kwa miaka thelathini amekuwa akiikwepa nyumba yetu kwa kupita njia ya nyuma. Sikujua nimwambie nini. Nilimshika mkono tukaenda kula.

Kama uko motoni sasa hivi, anza na jambo moja tu la upande wa kushoto, lile dogo kuliko yote, ulifanye kabla jua halijazama: deni la elfu mbili la genge, simu kwa mama, kidonge cha saa mbili. Kesho chukua la pili. Na jumuiya yako ikikutana wiki hii, nenda. Ukiona aibu, kaa karibu na mlango. Ukishindwa kuimba, wenzako wataimba.